Nataka kujaza risasi za .308 mwenyewe nyumbani. Nianze na vifaa gani?

Chalii_wa_FortWorth

Wakuu, habari za Jumapili.

Nipo Fort Worth, Texas, mwaka wa saba sasa. Kadi ya kijani ninayo na bunduki niliinunua dukani kwa utaratibu wote, kwa hiyo upande huo msihangaike nao. Kuna jamaa nafanya naye kazi ghalani, kwao wana shamba mwendo wa saa mbili na nusu kutoka hapa, na nguruwe pori wanalichimbua usiku kucha kama wamepewa kandarasi. Kila baada ya wiki mbili tunaenda kumpunguzia. Bunduki yangu ni ya boliti, saizi ya risasi zake ni .308 Winchester.

Shida ni pesa. Boksi la risasi 20 nalipia dola 38, na safari moja nikijumlisha na kulenga shabaha namaliza maboksi mawili. Mke wangu ameanza kuuliza kwa sauti ile ya chini, mnaijua. Jamaa yangu akaniambia nisitupe maganda, nijaze mwenyewe. Sasa nina ndoo ya rangi yenye maganda ya .308 kama 300, na nyingine ya 9mm, yale ya bastola, sijui mangapi, hayo nilikuwa naokota tu.

Bajeti yangu ni dola 500. Nimeangalia video mpaka macho yamewasha na nimebaki njia panda: ninunue ile presi (mashine ya kujazia) ya kuvuta mara moja kazi moja, au zile zinazotema risasi kila ukivuta mkono kama mashine ya kukoboa mpunga? Naishi ghorofani, nyumba ya kupanga, nina mtoto wa miaka mitatu. Naombeni mwongozo wa mtu aliyeshika hivi vitu, siyo aliyesoma tu.

---

SimbaMwitu77

Dillon 550, ile presi ya kutema, funga mjadala. Nunua mara moja usahau. Hizo za kazi moja moja utazeeka nazo mkuu.

---

FundiVenia

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Mimi ni wa Tanga, nipo Pennsylvania tangu 2004, kazi yangu ni mashine za kuchonga chuma. Najaza risasi za paa wangu wa Novemba mwaka wa kumi na mbili huu. Paa nasema kwa kuwa sina neno jingine. Hawa wa huku ni wakubwa na wana pembe za matawi, lakini nyama ukiipika kwa nazi hakuna atakayekuuliza jina lake.

Simba, sikubishii kuhusu 550. Rafiki yangu anayo na sijamsikia akiilalamikia. Ila kijana kauliza cha kuanzia. Mashine ile inafanya kazi nne kwa mvuto mmoja: ganda la kwanza linarudishwa umbo na kutiwa fataki, la pili linapokea baruti, la tatu linakalishwa kichwa, la nne linabanwa mdomo. Mtu ambaye hajajua bado kila kazi inavyokuja mkononi atajuaje kwamba moja kati ya hizo nne imekwenda upande? Na sahani ya 550 inayoshika maganda unaizungusha mwenyewe kwa kidole. Ukipigiwa simu ukasahau kuizungusha, ganda la 9mm linapokea baruti mara ya pili na linaimeza yote, haimwagiki hata punje. Hutajua mpaka siku bastola ikufumukie mkononi.

Tuelewane maneno kwanza, maana sisi kila kitu tunakiita risasi. Ganda ni ile shaba ya njano. Fataki ni kile kisahani kinachokaa kitakoni mwa ganda, kinachopigwa na pini. Baruti ni baruti. Kichwa ni kile kinachoruka. Vikikutana vyote vinne ndipo nakiita risasi.

Babu yangu Handeni alikuwa na gobore. Baruti alipimia ncha ya pembe, akamimina mdomoni mwa mtutu, akaweka nyuzi za katani, akashindilia kwa mdeki huku anaongea na watu. Nilikaa pale nikiwa mtoto nikadhani kujaza bunduki ni kama kutia tumbaku kwenye kiko. Nilipoanza mambo haya huku nilikuja na kichwa kile kile. Baruti nyeusi ya babu ilipimwa kwa ujazo, na pembe ikizidi kidogo alikuwa akisukumwa bega tu. Hii ya kisasa isiyo na moshi ni kitu kingine kabisa. Tunaipima kwa greni, na greni 7,000 ndiyo paundi moja. Gramu moja ni greni 15 na ushee. Sasa fikiria sehemu ya kumi ya hiyo greni moja, ndiyo tunayobishana nayo mezani.

Kwa hiyo nakwambia jambo ambalo hata muuza duka hatakwambia kwa kuwa halimpi faida: katika dola zako 500, presi ndiyo uitolee pesa kidogo kuliko vyote. Weka pesa kwenye mizani.

Presi ni wenzo. Mkono, mhimili na kipande cha chuma kinachopanda na kushuka. Yangu ni RCBS Rock Chucker, niliikuta kwenye mauzo ya vitu vya marehemu fulani, mjane wake kaipanga pamoja na masufuria, kutu imeipaka rangi ya matofali. Dola 70. Niliilaza kwenye mafuta ya taa siku moja, nikaisugua, na mpaka leo haijanidai chochote. (Hiyo rock chuck yenyewe ni mnyama wa milimani huko magharibi, anafanana fanana na pimbi wetu.) Usipobahatika kupata ya mkononi, Lee wana ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile, na Hornady wana yao. Dai, yale makalibu ya chuma yanayorudisha ganda umbo na kukalisha kichwa, yanaingia juu yake, na karibu zote zina uzi mmoja, kipenyo inchi 7/8, meno 14 kwa inchi, awe ametengeneza nani. Kama fundi, hilo linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza. Maana yake ni kwamba ukinunua dai leo ukabadilisha presi baada ya miaka kumi, dai inahamia nawe.

Sasa mizani. Niliponunua seti yangu ya kwanza ilikuja na kimizani cha umeme, kidogo kama simu, kinang'aa namba za bluu. Nikakipenda. Mwezi wa nane, gereji imekuwa tanuri, nikaweka feni kwenye dirisha, simu pembeni ya mizani ikinichezea kaswida. Nikapima baruti ya maganda 40, polepole, kila moja namba ile ile, najisifu. Mwisho, kwa bahati tu, nikaweka lile jiwe dogo la kupimia ukweli wake. Likasoma pungufu kwa greni 0.6.

Yaani mizani ilikuwa imeanza kunidanganya mahali fulani katikati ya yale 40, na mimi sijui ni wapi. Ikisoma pungufu maana yake mimi nimezidisha. Labda zote zilikuwa salama. Labda zile kumi za mwisho zilikuwa zimevuka mpaka wa kitabu. Huwezi kuangalia kwa macho, kichwa kimeshakaa.

Kuna kinyundo cha plastiki chenye tundu, unatia risasi ndani, unagonga kwenye gogo mpaka kichwa kichomoke na baruti imwagike. Unagonga kitu kigumu, siyo meza ya kawaida itakayodunda. Risasi 40, kila moja mapigo manne mpaka sita. Mke wangu akachungulia kutoka juu akauliza kama natwanga kisamvu. Nikamwambia ndiyo. Baruti yote ile nikaimwaga bustanini kwenye majani, sikuirudisha kwenye kopo.

Kesho yake nikaenda kununua mizani ya mkono, ile ya mhimili, yenye alama unazosogeza kama ya muuza dhahabu. Haina betri, haina joto. Upepo inaujua, feni unazima, na hata ukipumua karibu yake inatikisika, lakini haikudanganyi kimyakimya: ikisumbuliwa unaiona inacheza. Nunua hiyo, na ununue mawe ya kuijaribia. Kila unapoketi, kabla ya ganda la kwanza, weka jiwe. Na katikati. Na mwisho. Ya umeme siisemi vibaya, nzuri zipo, lakini zile za kwenye vifurushi vya bei rahisi mimi na zenyewe tumeachana.

Cha pili ni kalipa, kipimio cha urefu, ile mafundi wa nyumbani wanaiita venia. Jina langu hapa limetoka huko. Shaba ikipigwa inatiririka kidogo kwenda mbele, kwa hiyo ganda linarefuka kila ukilitumia. La .308 mwisho wake ni inchi 2.015, na ukilikata unalirudisha 2.005. Likizidi, mdomo wa ganda unagota mwisho wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya mtutu, na kukibana kichwa kisitoke kwa wepesi, na shinikizo linapanda wakati wewe hujaongeza hata punje moja ya baruti. Tofauti ile ni unene wa karatasi mbili tatu. Jicho haliioni. Kwa hiyo unahitaji kalipa, kifaa cha kukatia urefu, na kile cha kuchonga ukingo baada ya kukata.

Cha tatu, kitabu. Cha karatasi. Lyman ndicho ninachompa kila anayeanza, kwa sababu wao hawakuuzii kichwa kimoja tu na kurasa za mwanzo zinaeleza kazi yenyewe kama mwalimu. Soma kurasa hizo mara mbili kabla ya kufungua kopo. Usichukue kipimo cha baruti kwa mtu wa mtandaoni, mimi nikiwamo, ndiyo maana huoni kipimo hata kimoja hapa. Unaanza kile cha chini kilichoandikwa, kwa baruti ile ile na uzito ule ule wa kichwa, unapanda kidogo kidogo ukiangalia ganda linakuambia nini. Na soma jina la kopo mpaka herufi ya mwisho. Kuna H4350, kuna IMR 4350, kuna Accurate 4350. Ni sawa na Juma watatu wa mtaa mmoja, ukimpa mmoja barua ya mwenzake umeleta balaa nyumbani kwa watu. Mezani pakae kopo moja tu, mengine yote kabatini.

Vingine nitavitaja haraka. Dai za .308, seti ya mbili inatosha. Kishikio cha kitako cha ganda, kipo kwa namba. Faneli. Kifaa cha mkono cha kukalishia fataki, hicho nakipenda kuliko kutilia kwenye presi kwa sababu dole gumba linahisi fataki inavyofika chini. Miwani ya kazi, siyo ya kusomea. Nta ya kupaka maganda, na hapa usiwe bahili: usiku wangu wa kwanza nilipaka kiduchu, ganda likanasa ndani ya dai, nikavuta mkono, kitako kikang'oka, mwili ukabaki ndani. Fundi wa chuma mzima nikatoboa na kuweka bolti kulichomoa kama mtu anayeng'oa jino la punda. Wala usipake nyingi kwenye mabega ya ganda, pale linapopungua kuelekea mdomoni, utayabonyeza.

Na kibao cha matundu. Wengi wanakidharau. Ni kama bao tu, safu kwa safu, na kanuni yake ni kila tundu kete moja. Maganda yasiyo na baruti yanasimama kichwa chini upande wa kushoto. Ukishatia unaligeuza, unalipeleka kulia. Ukimaliza safu zote, chukua tochi, ulimurike kila moja ndani kabla ya kukalisha kichwa hata kimoja. Baruti iwe kimo kimoja kote. Ukiona moja imepungua au imezidi, unaimwaga unaanza upya, hubahatishi.

Usichonunua sasa: mashine ya kupima baruti yenyewe, na ile ngoma ya kutikisa maganda kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Maganda 300 unaweza kuyaosha kwenye ndoo kwa maji moto, sabuni ya vyombo na ndimu, kama bibi zetu walivyosugua masinia ya shaba kabla ya Idi. Suuza, tandaza, yaache siku mbili yakauke kweli kweli. Ndoo hiyo isirudi jikoni.

Ghorofani unaweza. Funga presi kwenye ubao mnene wa mbao, ubane ubao mezani kwa klampu mbili, ukimaliza unaingiza kabatini. Soma mkataba wako wa nyumba kwanza, usije ukatolewa kwa sababu ya kopo la baruti. Baruti ikae kwenye kopo lake la kiwandani, fataki kwenye pakiti yake, kila moja mbali na mwenzake na mbali na joto. Kanuni za moto za NFPA, shirika la Marekani la kinga ya moto, zinaruhusu nyumbani paundi 20 za baruti na fataki 10,000, wewe hata robo yake hutaigusa. Usifungie baruti kwenye sanduku la chuma lisilopumua, maana ikishika moto nje inaungua tu, ikibanwa ndani inakuwa bomu. Kabati la mbao lenye kufuli, juu, mtoto asifikie.

Hiyo ndoo ya 9mm iache. Risasi za 9mm za dukani ni rahisi, ukipiga hesabu utakuta umeokoa senti chache kwa jioni nzima ya kazi, na ndiyo ganda linalomeza baruti mara mbili. Kwenye .308 hesabu iko hivi kwa bei ninazonunulia mimi: fataki senti 8, kichwa senti 45, baruti senti 30 hivi kwa kuwa paundi moja inanitolea risasi 150 na kidogo. Ganda ni lako. Jumla senti 83, na wewe unalipa dola 1.90. Usimwambie mke wako kwamba utatumia pesa kidogo, lakini. Utapiga zaidi.

---

SimbaMwitu77

Mzee hapo kwenye kisamvu nimecheka peke yangu kwenye basi. Sawa nimenyoosha mikono, ila akishazoea 550 inamsubiri.

---

MamaPacha_Boise

Hamjambo. Mimi ni nesi, Mkenya, tuko Idaho. Mume wangu ndiye anajaza, mimi nasaidia kuhesabu. Mzee Fundi umesema vizuri lakini kuna kitu umekiruka na huyu kaka ana mtoto wa miaka mitatu.

Kiswahili chetu kilishasema. Risasi ni madini kwanza, tena ya sumu, kabla haijawa kitu cha kutoka kwa bunduki. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini hayo. Ikishapigwa, vumbi lake linabaki ndani ya ganda, jeusi, laini kama masizi. Wewe unaingiza mkono kwa ndoo, unakuna pua, unachukua mandazi.

Sisi tulikuwa na hiyo ngoma ya kutikisa. Mume wangu aliiweka chumba cha kufulia, kifuniko hakifungi vizuri, inazunguka usiku kucha na vumbi linatua kwa nguo zilizokunjwa. Watoto walipofika mwaka mmoja wakapimwa madini hayo kwa damu, kile kipimo cha kawaida wanachodunga kidole. Mmoja akawa mikrogramu 6 kwa desilita. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, tangu 2021 wanasema 3.5 ndiyo kiwango cha kuanza kufuatilia. Hakuwa mgonjwa, anacheza tu, hungejua. Nilikaa kwa gari huko nje ya kliniki nikalia, mimi nesi, ninayewaambia wazazi wengine haya mambo.

Tulihamisha kila kitu kwa kibanda cha nje. Alipimwa tena baada ya miezi, ikashuka hadi chini ya 3.

Kwa hiyo: usioshe maganda kwa sinki ya jikoni wala bafu la mtoto, na maji hayo ukiyamwaga usimwage mahali anachezea. Vaa glavu. Kuwa na shati moja ya hiyo kazi na ulifue peke yake. Ukimaliza nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla hujamshika mtoto. Meza unaipangusa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Hakuna kula wala kunywa chai mezani hapo. Na kwa nyumba ya kupanga yenye zulia ningewaza mara mbili, kwa sababu zulia halisahau. Kama huyo rafiki yako wa shamba ana banda, fanyia huko.

---

FundiVenia

Dada, umenisahihisha mbele za watu na unastahili. Mimi wanangu walikuwa wameshakuwa wakubwa nilipoanza, ndiyo maana sikulifikiria. Chalii, msikilize huyu kabla yangu. Banda la shambani ni bora kuliko ubao wangu na klampu.

---

Mkulima_Kilosa

Wakuu nimefuata mada hii nikiwa huku Kilosa. Nina bunduki ya kihalali ya kufukuzia ngedere na nguruwe shambani, kitabu changu cha leseni kipo. Risasi huku bei imechangamka. Naweza kumwagiza mtu hiyo presi ya Lee na fataki kidogo anibebee?

---

FundiVenia

Hapana, mdogo wangu, na nakuomba uliache hapa hapa. Leseni yako inakuruhusu kumiliki silaha na kununua risasi kwa muuzaji mwenye kibali, haikuruhusu kutengeneza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inahesabu kutengeneza risasi bila leseni kuwa kosa, na huko haiangalii kama ulitengeneza kumi au elfu. Kenya nako ni hivyo hivyo. Wala usimtume mtu kukubebea: fataki na baruti haziruhusiwi kwenye ndege, begi la mkononi wala la chini. Atakamatwa hata hajaiona bahari.

Na kwa vijana waliopo Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, mjue sheria ya taifa kwa kawaida inawakataza bunduki na risasi zote mbili, ila ina milango michache kama leseni halali ya uwindaji. Mwulize mwanasheria kabla hujanunua hata boksi moja. Chalii ana kadi ya kijani, yake ni habari nyingine.

---

Chalii_wa_FortWorth

Shikamoo mzee Fundi, nilipitiwa siku ile. Shikamoo na dada wa Boise pia.

Mrejesho baada ya wiki tano. Nilipata presi ya kazi moja kwa dola 85, ya mkononi. Mizani ya mhimili na mawe yake, kalipa, Lyman, dai, nta, kibao. Nikabaki na chenji ya fataki 200 na kopo moja la baruti. Vyote vipo kwenye banda la jamaa shambani, mke wangu kasoma ile komenti ya MamaPacha na neno la mwisho likawa lake.

Nimejaza kumi. Ilinichukua saa nne, msinicheke. Moja wakati nakalisha kichwa nikaona uzi mwembamba wa shaba umechunika pembeni, kama ganda la kitunguu. Nikarudi kwenye kitabu, kumbe lile ganda nililikata urefu nikasahau kuchonga ukingo wa ndani. Nimeliweka kando. Saba nimezipiga, zote kwenye kipimo cha chini, na kwa mita 100 zimekaa pamoja kuliko za dukani nilizokuwa nanunua. Nimeshangaa.

Swali moja: kwenye mbili zilizobaki, fataki naona kama zimesimama juu kidogo ya kitako. Kidogo sana. Nizisukume zaidi zikiwa zimeshajazwa?

---

FundiVenia

Marahaba mwanangu.

Usisukume! Ikishakuwa risasi kamili usiiminye fataki, ivunje kwa kinyundo uanze upya. Siku nyingine, kabla ya baruti, pitisha ncha ya kidole kitakoni mwa kila ganda. Fataki iliyokaa sawa unaihisi imezama kiasi cha unywele, kama kitufe cha shati kilichoingia kwenye tundu lake. Ikikukwaruza kidole haijafika. Mara nyingi ni uchafu mweusi uliobaki kwenye kile kishimo, ukwangue, na glavu za dada usizivue.

Banda hilo lina feni?